Piza ya BBQ Haitaki Cabernet

Jumanne jioni, siku ya piza mbili kwa bei ya moja, duka letu la mvinyo hapa South B hunuka jibini tangu watu watoke kazini hadi tunapofunga. Wanashuka matatu na maboksi mkononi, wanayapanga juu ya kaunta yangu huku mafuta yameshaanza kulowesha karatasi, kisha wananiambia, "Auntie, nipe red." Red gani? Red tu. Kwenye piza kuna nyama, na mahali fulani walisikia kwamba nyama huenda na mvinyo mwekundu, basi mjadala umekwisha.

Kabla sijageukia rafu huwa nauliza kuna nini juu ya hiyo piza. Wengine hukasirika, wanadhani nataka kuonjeshwa. (Sikatai nikipewa.) Lakini jibu lao ndilo linaloniambia nichukue chupa gani, na mara nyingi nyama haina usemi kabisa. Hebu ipekue piza ya kawaida ya Nairobi: vipande vya kuku ni vichache, tena vidogo. Kinachojaa mdomoni ni mchuzi uliopakwa chini, jibini lililoyeyuka juu, na pilipili kama ipo. Hao watatu ndio wenye piza. Mvinyo ukielewana nao, kuku atafuata bila matata.

Kabla ya kaunta hii nilikuwa mhudumu katika mkahawa wa Kiitaliano kule Westlands, wenye tanuri la kuni lililokuwa linaunguruma tangu saa nne asubuhi. Pale ndipo nilipojifunza kuonja. Mwenye mkahawa, Muitaliano, alikuwa mkali kwa mambo mawili, Margherita na glasi chafu. Margherita yake ilifuata desturi ya Napoli: unga, nyanya, mozzarella, majani ya mrehani, mafuta ya zeituni, halafu tanuri lenye moto wa kukaribia nyuzi 480 za Selsiasi, na piza inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Wenyeji husimulia kwamba ilipewa jina la Malkia Margherita wa Italia alipozuru Napoli mwaka 1889, ingawa wanahistoria wana shaka na hadithi hiyo. Lisilo na shaka ni kwamba mwaka 2017 UNESCO iliuweka ufundi wa waoka piza wa Napoli kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mpishi wetu wa tanuri, mzee wa Machakos ambaye hajawahi kuiona Italia hata kwenye ndoto, aliposikia habari hizo alidai nyongeza ya mshahara.

Piza ya namna hiyo ni nyepesi na ina uchachu mwingi, kwa sababu nyanya haikupikwa muda mrefu wala kutiwa sukari. Mvinyo usio na uchachu wake wenyewe ukikutana na nyanya hiyo unapooza, unaonja kama maji yaliyowahi kupita karibu na zabibu. Ndiyo maana Waitaliano huleta Chianti, ambao zabibu yake kuu ni Sangiovese, au Barbera ya Piemonte. Zote mbili ni kali kwa uchachu, na Barbera ina faida moja zaidi: ukakasi wake ni mdogo. Uchachu wa mvinyo kwenye piza hufanya kazi ya kachumbari kwenye nyama choma. Unakata mafuta, unasafisha ulimi, unakurudishia hamu ya kipande kinachofuata.

Ukakasi ni kitu kingine, na wateja wengi huuchanganya na uchachu. Uchachu hukutoa mate. Ukakasi hukausha ulimi na fizi, vile ndizi mbichi inavyofanya, au chai iliyochemka hadi ikawa nyeusi. Unatoka kwenye tanini zilizo katika maganda na mbegu za zabibu, na Cabernet Sauvignon ndiyo inayojulikana sana kwa tanini hizo. Penye steki nene yenye mafuta tanini zina mahali pa kushika, zinalainika. Penye piza nyembamba ya nyanya zinabaki zikizurura mdomoni bila kazi.

Sasa, Barbera na Chianti zipo Nairobi, lakini si kila duka, na bei yake inauma. Chupa moja ya Chianti inayofaa ni bei ya chupa mbili za Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, na chenji ya boda inabaki. Nikiambiwa Margherita natoa Chenin kavu, yaani isiyo na utamu, iliyolala kwenye friji. Afrika Kusini ina zabibu hii kuliko nyingine yoyote, zamani waliita Steen, na ina uchachu unaoweza kusimama na nyanya bila kuzomewa. Anayeng'ang'ania rangi nyekundu nampa Cinsault nikiwa nayo, ile nyepesi unayoweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Rozi kavu, ule mvinyo wa rangi ya waridi, pia hufaa sana, ila wanaume wa South B hawatembei barabarani na chupa ya waridi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 nafunga chupa kwa gazeti, kwa hiyo siri yao ingekuwa salama, lakini bado hawataki.

Na yule Muitaliano mwenyewe, baada ya kutufundisha hayo yote, alikula piza yake na bia. Nilimwuliza mara moja mbona. Akanitazama kana kwamba nimeuliza mbona anavaa viatu. Kwao piza na bia ni kawaida kabisa. Nayataja haya ili msiogope. Hakuna polisi wa mvinyo atakayegonga mlango.

Shida yangu na vitabu na video za mvinyo ni kwamba zinazungumzia piza ya Napoli, na watu wangu wamebeba piza ya BBQ. Hizi ni vyakula viwili tofauti. Piza yetu ya mtaani ina mkate mnene, jibini la kutosha kufunika makosa yote, na mchuzi wenye sukari. Ukiongeza ile BBQ iliyozungushwa juu kwa chupa ya kubonyeza, sukari inakuwa nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu chumvi na moshi vinaificha. Na sukari iliyo kwenye chakula huuvua nguo mvinyo mkavu: tunda lote linapotea, unabaki na uchachu, ukali na ukakasi.

Usiniamini, jaribu. Mimina Cabernet kidogo, onja. Kisha lamba asali nusu kijiko, onja tena. Ni chupa ile ile, lakini utaapa umebadilishiwa. Nimelifanya jaribio hili pale kaunta na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akinunua Cabernet kila Jumanne na kila Jumatano anakuja kulalamika kwamba mvinyo wa siku hizi ni mchungu. Sasa anachukua Pinotage.

Pinotage ndiyo jibu langu la kwanza kwa BBQ. Ni zabibu ya Afrika Kusini kabisa: mwaka 1925 huko Stellenbosch, Profesa Abraham Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsault, ambayo wao wakati huo waliita Hermitage, na jina likaunganishwa humo humo. Pinotage nyingi za bei ya kati zina harufu ya moshi na matunda meusi yaliyoiva sana, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomo kwenye mchuzi wa BBQ. Kuna wanaoidharau, wanasema inanuka mpira ulioungua. Zipo zinazonuka hivyo, kweli. Lakini chagua ile changa, yenye tunda mbele, isiyojisifu kwenye lebo kwamba ililala ndani ya mapipa ya mwaloni miezi mingi. Mwaloni unaongeza tanini zake, na tumeshasema tanini hatuzitaki hapa. Ukiikosa, Merlot laini itakusaidia.

Tukija kwenye pilipili, hapa ndipo nitakapogombana na watu.

Periperi na tikka ndizo piza zinazotoka sana wikendi, na ndizo zinazoharibiwa zaidi na mvinyo. Mtu anabeba piza ya tikka iliyojaa pilipili, anachukua Shiraz, mwekundu wenye kileo cha asilimia 14.5, anaenda nyumbani kujichoma. Kileo huamsha mishipa ile ile ya fahamu inayoamshwa na pilipili, kwa hiyo mvinyo wenye kileo kingi unamwagia moto petroli. Ukakasi nao unaongeza kukwaruza. Kinachotuliza ni sukari, ubaridi, na kileo kidogo.

Maana yake ni mvinyo mtamu. Ndiyo, ule ule mnaoucheka. Nairobi ina watu waliohudhuria kikao kimoja cha kuonja mvinyo hoteli fulani wakarudi mtaani kutangaza kwamba mvinyo mtamu ni wa wasiojua. Hao hao ukiwawekea piza ya periperi na glasi ya Four Cousins nyekundu tamu iliyopoa vizuri, watamaliza zote mbili kimya kimya. Ile chupa imekuwa kwenye kila harusi, kila ruracio (sherehe ya mahari) na kila chama cha kina mama nilichowahi kualikwa, hata watu wamesahau kwamba ni mvinyo wa watu halisi: binamu wanne wa ukoo wa Retief, huko bonde la Robertson, Afrika Kusini. Ni mtamu, ni mwepesi wa kileo, hauna ukakasi wa kutaja. Kwa nyama choma siupendi. Kwa Chianti siulinganishi. Lakini mbele ya pilipili unajua kazi yake kuliko chupa ya mara tatu ya bei yake.

Wanaume huununua kwangu wakiniambia ni wa bibi. Huwa natikisa kichwa tu kwa heshima. Bibi mmoja alipita wiki iliyofuata akachukua Shiraz.

Ukitaka utamu usio mzito kiasi hicho, tafuta Chenin au Riesling ambayo lebo inasema si kavu kabisa, au Moscato. Moscato d'Asti ya Italia huwa na kileo cha karibu asilimia 5.5 tu na viputo vidogo, na pamoja na kuku wa tikka mwenye dhania juu ni raha tupu. Iwe baridi. Moscato ya vuguvugu ni sharubati ya kikohozi.

Nanasi. Sitaki vita. Piza ya Hawaii haikutoka Hawaii, ilibuniwa mwaka 1962 huko Chatham, Ontario, na Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada. Tunda hilo lina utamu na uchachu kwa pamoja, na chini yake kuna chumvi ya nyama, kwa hiyo mvinyo mwekundu mkavu hapo hautoki salama. Chenin yenye utamu kidogo. Inayofuata.

Piza za nyama nyingi, zile za pepperoni, salami, soseji na nyama ya kusaga zikiwa zimesongamana kama abiria wa saa moja jioni, ndizo pekee ambazo mteja akisema "red" nakubali mara moja. Chumvi na mafuta hulainisha ukakasi, na sasa tanini zimepata pa kushika. Shiraz inaingia hapa, na pilipili manga iliyo katika harufu yake inaelewana na soseji. Hata Cabernet naweza kuisamehe, mradi mchuzi wa chini ni nyanya na si BBQ. Ila kama mngeniuliza ni mvinyo gani ningechagua kwa pepperoni duniani kote, ningesema Lambrusco kavu. Ni mwekundu wenye povu, wa Emilia-Romagna, mkoa wa Italia wenye Parma na nyama zake za kukaushwa kwa chumvi. Watu wa kule wamekula mafuta na chumvi kwa karne nyingi, wakatengeneza kinywaji cha kuyaosha. Unanywewa baridi, uchachu wake unachapa, povu linasugua ulimi. Kuupata Nairobi ni bahati. Ukiuona kwenye rafu usiseme utarudi kesho.

Piza nyeupe, zisizo na nyanya, hazinunuliwi sana mtaani kwetu lakini zimeanza kuonekana: uyoga na krimu, au spinachi na feta. Kwa uyoga napenda Chardonnay isiyo na mwaloni mwingi. Kwa spinachi na feta ni Sauvignon Blanc, maana harufu yake ya majani mabichi inakubaliana na mboga na uchachu wake unakubaliana na chumvi ya feta. Hapa unaweza kunywa cha nyumbani. Leleshwa hutengenezwa kwa zabibu za Naivasha, mwendo wa saa mbili kutoka hapa kama barabara haijafunga, na imepewa jina la kile kichaka cha majani ya kijivu kinachonukia ukikisugua. Watu huichukua kwa uzalendo. Mimi naichukua kwa feta. Mvinyo wa Dodoma nao ningependa uvuke mpaka kwa wingi zaidi. Kule mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hakuna msimu wa baridi wa kuilaza, na wanayo Chenin pia. Mara chache wageni kutoka Tanzania huniletea chupa, na hazikai.

Jambo la mwisho kuhusu chupa zenyewe ni joto, na hili linaharibu jioni nyingi kuliko uchaguzi mbaya. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani. Chumba cha nani? Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, kabla ya mitambo ya kupasha nyumba joto, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Mwezi wa Julai Nairobi, sisi tukiwa kwenye majaketi na soksi mbili, sebule yako iko hapo hapo na huna la kufanya. Lakini Februari, chupa iliyosimama juu ya kabati karibu na dirisha inafika nyuzi 26 au zaidi, na mvinyo wa joto hilo unanusa kileo kabla ya kunusa zabibu. Uweke kwenye friji nusu saa kabla piza haijafika. Mwepesi kama Cinsault, hata dakika arobaini na tano. Na ule mweupe uliotoka kwenye friji ya duka, ukipigwa na jua la foleni ya Mombasa Road, urudishe kwenye baridi kwanza. Piza itasubiri, jibini halikimbii.

South B ina majirani wengi wasiokunywa, Waislamu na Wasabato na wengineo, na Jumanne nao wananunua piza kama kila mtu. Yote niliyoyasema juu ya uchachu na utamu yanawahusu pia. Soda ya tangawizi inaelewana na BBQ, maana tangawizi inajitetea mbele ya sukari. Lakini kinywaji bora cha piza ya nyanya nilichowahi kuonja bila kileo ni maji ya ukwaju ya jirani yangu, mama wa Mombasa anayeuza viazi karai na bhajia ng'ambo ya barabara. Anauloweka ukwaju usiku, anausugua kwa mkono, anauchuja, anautia barafu. Uchachu wake ungemfanya Muitaliano wangu avue kofia. Tatizo ni sukari, anatia nyingi mno, nyanya inaonekana kali kama siki. Nimemwomba apunguze, walau chupa za Jumanne. Amekataa. Anasema ukwaju usio na sukari ni dawa ya tumbo, na yeye hakufungua duka la dawa.